Ruzuku ya Serikali kwa Kazi ya Taka: Peleka Daftari, Mashine Baadaye

Tangu niseme hapa kwamba awamu ya pili ya ruzuku yetu imeingia benki, simu yangu haipumui. Wengi mnauliza, "Nikutumie ngapi uniandikie maombi?" Siandikii mtu. Ila kaeni niwaeleze.

Karakana yetu iko Kariobangi Light Industries, Nairobi. Tunanunua mitungi na vifuniko vya plastiki ngumu, tunasaga, tunaosha, tunawauzia wenye viwanda vya mabomba na mabeseni. Mara ya kwanza nilipoitwa mbele ya jopo la ruzuku, mzee mmoja wa tai aliitazama picha ya mashine yetu akauliza kama hiyo si posho mili, ya kusagia unga. Wenzake wakaangua kicheko. Nami nikacheka, lakini hadi leo nikikumbuka damu inanichemka. (Fremu kweli ilikuwa ya posho mili, kutoka kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji. Sasa ubunifu ni nini kama si huo?)

Jopo lililotupatia pesa halikujali mashine. Lilitaka daftari. Mama anayepokea mizigo langoni kwetu huandika kila gunia: kilo, rangi, limetoka mtaa gani, limelipwa pesa ngapi. Humwaga gunia chini kwanza, maana kuna wanaoficha mawe na kulowesha mzigo ili mzani upande. Yale mawe nayo yameandikwa, na mkaguzi alipofika alizipiga picha kurasa hizo kabla hata ya kuketi.

Kwa hivyo pima, andika, halafu pima tena. Jaa la taka la Dandora lilitangazwa kujaa mwaka 2001 na malori bado yanaingia. Hakuna ofisa asiyejua taka ni tatizo, usimalizie kurasa zako hapo. Soma Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022. Inadai taka itenganishwe, na kaunti ziwe na vituo vya kuchambulia. Onyesha unaipunguzia kaunti mzigo gani, kwa kilo.

Pia jua unabisha mlango upi. KENIA (wakala wa ubunifu) na NRF (mfuko wa utafiti) zote zilitokana na Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, lakini NRF ni ya utafiti hasa, kwa hivyo tafuta mhadhiri mshirikiane. Kama unahitaji maabara au wahandisi, nenda KIRDI, taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda. Cheti cha kodi cha KRA kiwe hai, leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, vilevile. Na kwa kuwa pesa huja kwa awamu, weka akiba ya mishahara. Wafanyakazi hawali barua ya pongezi.

Vijana wenzangu, tunapenda mno kupigwa picha na hundi ya kadibodi. Daftari je? Mnaringia mawazo ambayo hayajawahi kugusa mzani, kisha mnalia serikali haiwapendi. Pimeni!

Ruzuku ikikataa, kuna zabuni: asilimia 30 ya manunuzi ya serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kupitia mpango wa serikali uitwao AGPO. Kujisajili ni bure. Anayekudai elfu mbili za "cheti" pale saiba anakula jasho lako.