Usifute mahindi upande mbaazi tupu

Mkuu, hapana. Unasema una ekari 4 hapo Babati, bei ya mbaazi imechangamka, sasa unataka kuacha mseto wa mahindi na mbaazi, ukope, upande mbaazi tupu shamba lote. Umeuliza mbegu, nafasi kati ya mistari na mkopo. Mimi nilipofika kwenye "shamba lote" moyo ulinipasuka.

Mwaka 2016 niliuza mbaazi Sh 2,000 kwa kilo. Gunia moja lilinipa magunia matatu ya mahindi na chenji juu. Akaja dalali, akaja na bwana shamba mmoja aliyesimama mkutanoni akatuambia mahindi ni kilimo cha kimaskini. Hilo neno linaniuma hadi leo, maana nililiamini. Msimu uliofuata nikapanda mbaazi ekari zote 5, hata mstari mmoja wa mahindi sikuweka. Nikakopa kwenye kikundi Sh 1,200,000 za trekta, dawa na vibarua.

Na mbaazi zilikubali! Magunia 23. Ila Agosti 2017, zikiwa zinakauka shambani, India ikaweka kikomo cha mbaazi za kuingia kwao kwa sababu wao wenyewe walikuwa wamevuna sana, na za kwetu karibu zote zilikuwa zinakwenda huko. Dalali akazima simu. Nikauza Sh 200 kwa kilo. Piga hesabu: 460,000 mkononi, deni 1,200,000, riba bado.

Deni ningelivumilia. Kilichonimaliza ni ghala tupu. Ningekuwa na mahindi ndani ningezishikilia zile mbaazi, lakini nilikuwa na watu 7 wanaosubiri ugali, na magunia mawili ya mbaazi hayakufikia bei ya gunia moja la mahindi. Nikauza ng'ombe wawili, hao hao waliokuwa wakinilimia na kunipa samadi. 2018 nikasubiri ng'ombe wa jirani hadi mvua ikanipita, nikavuna nusu. Miaka mitatu nimelima vibarua kwenye mashamba ya watu, langu likingoja.

Huyo jirani alibaki na mseto. Bei ilimpiga vilevile, lakini alikula mahindi yake, mbaazi nyingine akachemsha, miti mikavu ya mbaazi akapikia. Hakuuza hata kuku.

Kwa hiyo pima kwanza mahindi ya kula nyumbani mwaka mzima, uyapande, mbaazi ukizipitisha katikati ya mistari. Mahindi yanatoka mapema, mbaazi zinabaki, majani yanapukutika na kurutubisha udongo. Eneo hilo usiliguse kwa maneno ya mtu yeyote, hata akija na gari. Linalobaki ndilo la biashara, na kwa hela yako ya mfukoni.

Mbegu mimi napanda aina ya mbaazi inayoitwa Mali. Na huyo dalali anayekupigia kila siku, mwambie alipe nusu taslimu kabla hujapanda, uone kama kesho atapiga.