Mifarishi Tisa Uvunguni mwa Kitanda: Shangazi Awajibu Wasomaji

SWALI: Shikamoo, Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga, na kwa miaka sita sasa nashona mifarishi ya viraka kwa mabaki ya vitenge ninayopewa na mafundi cherehani wa mtaani kwetu. Tatizo langu ni kwamba naanza mmoja kabla sijamaliza mwingine. Wiki iliyopita niliitoa mifuko yote iliyokuwa uvunguni mwa kitanda, nikahesabu mifarishi tisa ambayo haijakwisha. Mingine imefika nusu, mingine ni vipande vilivyokatwa tu, na miwili sikumbuki hata nilikusudia iweje. Mmoja unatokana na kanga za marehemu mama yangu, nao ndio unaoniumiza zaidi, kwa kuwa nimeukuta unanuka uvundo. Niihifadhi vipi, na nianze na upi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu, na Mungu amrehemu mama. Umeuliza mambo mawili, nami nitaanza na lile la kujua pa kuanzia, kwa sababu kabati zuri halimsaidii mtu aliyekwisha kusahau alichokuwa akikifanya. Mfarishi unapolala mwaka mzima, kitambaa chake mara nyingi bado ni kizima. Kinachopotea ni kumbukumbu ya mshonaji, na hiyo ndiyo inayopasa kuhifadhiwa pamoja na kitambaa.

Tandika mkeka siku ambayo watoto wako shuleni, utoe mfarishi mmoja mmoja, na kwa kila mmoja uandike kwa penseli, maana wino huchuruzika ukipata unyevu, kwamba ulikuwa wa nani, uwe na ukubwa gani, vipande vingapi vimekwisha kuunganishwa, na hatua inayofuata ni ipi. Hiyo hatua iandike kama unavyomwagiza mtu mwingine ambaye hajawahi kuiona kazi yako. Ukiandika "kumalizia", hujaandika kitu. Andika "unganisha safu ya tatu na ya nne, ukianzia upande wenye kitenge cha njano". Kazi iliyoandikiwa hivyo unaweza kuishika hata ukiwa na nusu saa tu kati ya kupika na kuwapokea watoto.

Usisahau kuandika upana wa mshono, jambo ambalo washonaji wengi hulidharau. Tuseme vipande vya kwanza uliviunganisha kwa kuacha robo inchi pembeni, kisha baada ya mwaka ukarudi na mkono wako ukaacha nusu ya robo inchi tu zaidi ya ile ya awali. Hiyo nusu ya robo inaliwa pande zote mbili za kila kiraka, yaani kiraka kimoja kinapungua robo inchi, na safu ya viraka kumi inakuwa fupi kwa inchi mbili na nusu kuliko safu uliyoshona mwanzoni. Utavuta, utakunja, utafumua, na hatimaye utairudisha kazi uvunguni ukidhani kwamba wewe ndiye usiyejua kushona.

Pamoja na karatasi hiyo, weka kila kitu ambacho mfarishi huo utakihitaji: kidonge cha uzi uleule, kipimo ulichokikata kwenye karatasi ngumu, na bitana yake kama umekwisha kuinunua. Ikiwa kitenge fulani hakijatosha, hifadhi ule ukingo wenye jina la kiwanda na namba ya toleo, kwa sababu ukienda nao dukani muuza vitambaa atajua unachokitafuta kuliko ukimweleza kwa maneno. Nunua mapema, kwani matoleo ya vitenge hupita na hayarudi.

Sasa nije kwenye uhifadhi. Chombo ninachokipenda kuliko vyote ni foronya kuukuu ya pamba, foronya moja kwa mfarishi mmoja. Inapitisha hewa, inafuliwa, na ile karatasi unaishikiza juu yake kwa mishono miwili ya uzi, si kwa pini. Mifuko ya rambo tuliyoizoea ilipigwa marufuku nchini mwetu tangu Juni 1, 2019, lakini najua nyumba nyingi bado zina akiba yake, na nadhani ndiyo iliyouvundisha mfarishi wa mama. Kitambaa kilichofungiwa ndani ya plastiki kikiwa na unyevu kidogo tu hakina pa kuutolea, na hewa ya Tanga wakati wa masika huwa na unyevu wa kutosha kuotesha ukungu. Maboksi ya katoni nayo siyashauri, kwa sababu mende huyapenda na mchwa huyala. Kama huna nafasi ila uvunguni, weka foronya zako juu ya chaga au ubao ulioinuliwa kidogo, zisiguse sakafu ya saruji. Usitie wanga kwenye kitambaa kinachokwenda kuhifadhiwa, maana wanga ni chakula cha wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaokimbia ukifungua vitabu vya zamani. Kila baada ya miezi mitatu hivi, toa, kung'uta, anika kivulini, kisha kunja upya mahali pengine ili mkunjo usikate nyuzi.

Vidonge vya naftalini naomba uviache kabisa, hasa kama mfarishi ni wa mtoto mchanga. Kwanza, nondo wa nguo hutafuta sufu na hariri, wala hashughuliki sana na pamba safi. Pili, na hili ni zito zaidi, wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali inayopatikana sana katika maeneo yenye malaria kama pwani yetu, na harufu ya naftalini iliyobaki kwenye nguo inaweza kuwavunjia chembe nyekundu za damu na kuwaletea manjano ya hatari.

Huo wa kanga za mama uutenge na mingine. Upeleke nje, upanguse ukungu kwa brashi laini na kavu, kisha uuanike kivulini penye upepo kwa siku mbili. Kabla ya kuufua, bonyeza kitambaa cheupe chenye majimaji juu ya kila kanga, hasa nyekundu na nyeusi. Rangi ikihamia kwenye cheupe, usiufue mzima, kwa kuwa itachafua viraka vyote. Kanga iliyochakaa haivumilii mishono ya karibukaribu ya cherehani, kwa hiyo uipe bitana nyepesi nyuma na uishone kwa mkono. Na kama imebaki kanga ambayo hujaikata, tafadhali usilikate jina lake: pima viraka vyako kulizunguka, maneno yabaki mazima katikati ya mfarishi, kwa maana mama aliichagua kanga ile kwa ajili ya maneno yake.

Kuhusu pa kuanzia, anza na ule uliokaribia zaidi kwisha, hata kama si mzuri kuliko yote, kisha usifungue zaidi ya mitatu kwa wakati mmoja. Ile miwili usiyoikumbuka ifumue, mpe binti anayejifunza kushona kwa fundi wako.

SWALI: Shangazi, nimeufungua mfarishi niliouacha na pini zake tangu mwaka juzi, nimekuta alama za kutu kwenye kila tundu. Je, nitumie dawa ya klorini? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hapana, usiitumie. Klorini huizidishia kutu rangi na kudhoofisha kitambaa. Kwenye viraka vyeupe paka maji ya limau na chumvi, weka juani kwa saa moja au mbili, suuza vizuri, na urudie ikibidi. Kwenye vitenge vya rangi jaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana, kwani limau na jua huweza kuipausha rangi pia. Kwa siku zijazo, kazi inayolala zaidi ya juma moja itolewe pini zote, tabaka zake tatu (ya viraka, ya kati na ya bitana) zishikizwe kwa bandi ndefu za uzi mweupe, na mafundo yaachwe upande wa juu ili siku ya kurudi uyaone na kuyavuta bila kutafuta.