Dadu haijui inachora nini

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimechora pembetatu yenye vipeo A, B na C. Naweka nukta popote, narusha dadu: 1 au 2 naelekea A, 3 au 4 B, 5 au 6 C. Kila mara nakwenda nusu ya njia na kuweka nukta mpya. Nukta zikiwa nyingi inatokea pembetatu yenye matundu ndani ya matundu, hata nikianzia mbali kabisa nje. Mwenzangu anadai siri iko kwenye dadu. Ni kweli?
Msomaji wa kidato cha tano, Morogoro

JIBU: Marahaba. Mwenzako kamsifu asiyestahili, ingawa dadu nayo ina kazi yake.

Umbo hilo alilieleza mwanahisabati Wacław Sierpiński wa Poland mwaka 1915, wala hakurusha dadu. Lina vipande vitatu, kila kimoja ni umbo zima lililopunguzwa nusu. Kwa hiyo nukta iliyomo ndani ya umbo ikienda nusu ya njia kuelekea kipeo chochote, inabaki humo humo. Iliyo nje, umbali wake hadi kwenye umbo unapungua kwa nusu au zaidi. Anza sentimita 16 nje: 8, 4, 2, 1... mrusho wa kumi umebakiza chini ya milimita 0.2. Kalamu yako haiwezi kuonyesha tofauti hiyo.

Mwanahisabati Stefan Banach alithibitisha mwaka 1922 kwamba kanuni inayobana umbali wote kwa uwiano chini ya 1, kama yako ya kwenda nusu ya njia kuelekea A, kwenye nafasi isiyo na mapengo, huacha nukta moja tu mahali pake. Mwaka 1981 John Hutchinson wa Australia akaonyesha hivyo kwa maumbo mazima: kanuni kadhaa za kubana, zikitumika pamoja, zina umbo moja tu zisilolibadili. Chora samaki ukipenda. Mpunguze nusu, nakala tatu uziweke kwenye pembe tatu, kisha rudia. Samaki atapotea, Sierpiński atabaki. Umbo hilo ndilo kivutio cha kanuni zako, yaani umbo linalovuta kila nukta kwake.

Dadu inatembeza nukta kila kona, basi. Ikipendelea 6, upande wa C utakolea mapema, umbo ni lile lile. Lakini iweke dadu kando, ufuate A, B, C, A, B, C bila kuchoka, nawe utaishia kuzunguka nukta tatu tu.

Sasa jaribuni mraba. Kwa nusu ya njia hamtapata tundu hata moja, maana nakala nne zinaujaza wote. Nendeni theluthi mbili ya njia, mraba utasambaratika kuwa vumbi.