Maswali na majibu: hesabu baiti kabla ya vizidishi

Chipu yangu ya akili bandia ina nafasi ya kuongeza vizidishi (saketi za kuzidisha namba) mara mbili. Modeli ya lugha itajibu haraka mara mbili?

Hapana. Swali hili linarudi kila mara, na karibu kila anayeuliza anataja TOPS (trilioni za operesheni kwa sekunde) bila kutaja kasi ya memori. Jamani, bila kasi ya memori hakuna jibu.

Chukua modeli ya vigezo bilioni 7 (namba ilizojifunza), kila kigezo baiti 1, inayomhudumia mtu mmoja. Kila tokeni, yaani kipande cha neno inachotoa, inadai vigezo vyote visomwe upya, yaani gigabaiti 7. Memori ikitoa gigabaiti 100 kwa sekunde, unapata tokeni 14 kwa sekunde, basi. Hesabu zenyewe ni operesheni bilioni 14 kwa tokeni, kama TOPS 0.2 hivi. Chipu ya TOPS 100 itakaa bila kazi zaidi ya asilimia 99 ya muda, na transista zake zitaendelea kuvuja umeme. Punguza vigezo hadi biti 4, utakaribia tokeni 28 bila kuongeza kizidishi hata kimoja. Au kusanya maombi ya watu kadhaa uyapitishe pamoja, ili kigezo kilichosomwa mara moja kitumike mara nyingi.

Google walilionyesha hili mwaka 2017 walipoeleza TPU yao ya kwanza, chipu ya kuendesha mitandao neva: vizidishi 65,536 vya biti 8, uwezo wa juu TOPS 92, lakini memori ya vigezo ya gigabaiti 34 tu kwa sekunde. Mtandao mmoja wa picha ulifika TOPS 86. Mtandao mmoja wa LSTM, aina inayosoma data kwa mfuatano, kwenye chipu ileile, haukufika hata 4.

Umeme unaliwa wapi hasa?

Kwenye kusafirisha data. Kwa takwimu alizotoa Mark Horowitz mwaka 2014 za teknolojia ya nanomita 45, kuzidisha namba mbili za biti 8 kunagharimu pikojuli 0.2. Kusoma baiti 8 kutoka SRAM (memori ya ndani ya chipu) ya kilobaiti 8 ni pikojuli 10, na kutoka DRAM (memori ya nje ya chipu) ni 1,300 au zaidi. Teknolojia mpya imeshusha nyingi ya namba hizi, ila pengo bado ni kubwa.

Niongeze onyo ambalo hukuliuliza. Wengi wakishasikia hivyo wanaweka bonge moja la SRAM katikati ya chipu. Kwa takwimu hizohizo, SRAM ya megabaiti 1 inakula pikojuli 100 kwa usomaji uleule, mara kumi ya ile ndogo. Panga memori kwa ngazi: rejista kando ya kila kizidishi, SRAM ndogo kwa kundi, kisha kubwa ya wote. Halafu amua ni nini kitatulia mahali pake, vigezo au jumla zisizokamilika, na uamue kabla hujaandika mstari wa kwanza wa RTL (msimbo unaoeleza saketi).

Kwa namba za biti 8, akyumuleta (rejista ya kujumlishia) ya biti 24 inatosha?

Inategemea unajumlisha mazao (majibu ya kuzidisha) mangapi. Zao kubwa kabisa ni −128 × −128, yaani 16,384. Biti 24 zenye alama ya chanya au hasi zinaishia 8,388,607. Mazao 511 ya namna hiyo yanapita salama. La 512 linafikisha jumla 8,388,608, limezidi kwa 1 tu, na jumla inageuka kuwa hasi kubwa. Ubaya wake ni kwamba chipu haisimami. Inaendelea kutoa majibu, ila usahihi unashuka kwa baadhi ya picha, na timu inapoteza wiki nzima ikilaumu upunguzaji wa biti. Kama eneo linakubana, gawanya jumla ndefu katika vipande visivyozidi 511, kila kipande kikiisha kiongeze kwenye rejista ya biti 32. Na linganisha matokeo na modeli ya programu biti kwa biti. "Yanakaribiana" haitoshi.

Gridi moja ya vizidishi 256 × 256, au nne za 128 × 128?

Tazama kwanza ukubwa wa matriksi zako. Matriksi ya vigezo ya 300 × 300 kwenye gridi ya 256 inajazwa sifuri hadi 512 × 512, na kazi halali inakuwa asilimia 34. Kwenye 128 inajazwa hadi 384 × 384: asilimia 61. Lakini gridi nne zina kingo za kulisha mara mbili ya ile moja, kwa hiyo SRAM itasomwa zaidi. Kama tabaka zako zote ni kubwa na zinagawanyika kwa 256, chukua gridi moja.

Nikiruka vigezo vya sifuri nitaokoa nusu ya memori?

Si nusu. Kwa mpangilio wa mbili kati ya nne (katika kila vigezo vinne, viwili vinabaki), kama wa chipu ya A100 ya NVIDIA, vigezo vinne vya biti 8 ni biti 32. Vikibaki viwili pamoja na biti 2 za kuonyesha nafasi ya kila kimoja, ni 20. Sifuri zilizotawanyika ovyo ni mbaya zaidi, kwa sababu vizidishi vingine vinamaliza mapema na kuvisubiri vingine. Anza na rahisi: ingizo likiwa sifuri, shikilia thamani ya zamani kwenye kizidishi kisigeuke. Muda haubadiliki, umeme unapungua.

FP16 au bfloat16 (namba za desimali za biti 16) kwa mafunzo?

bfloat16, na jumla ziwe FP32 (biti 32).

Chipu nane zitafundisha modeli kwa kasi mara nane?

Piga hesabu ya mawasiliano. Gradienti (marekebisho ya vigezo) za gigabaiti 1 zikijumlishwa kwa mzunguko wa pete, kila chipu ikimpasia jirani yake, kila chipu kati ya nane inatuma gigabaiti 1.75. Kwa kiungo cha gigabaiti 25 kwa sekunde ni milisekunde 70. Hatua iliyochukua milisekunde 400 kwenye chipu moja sasa ni 50 za hesabu na 70 za kutuma: jumla 120, kasi mara 3.3. Anza kutuma gradienti za tabaka la mwisho wakati zile za tabaka zilizolitangulia bado zinahesabiwa. Ukifaulu kuficha hesabu yote ndani ya zile 70, utafika mara 5.7. Ukitaka zaidi ya hapo, ongeza upana wa kiungo.