Mtoto mwenye kifafa na usonji kulala kambini: uliza habari za usiku

SWALI: Mwanangu ana miaka 11, ana usonji na kifafa. Kuna kambi ya kiangazi ya kulala siku sita ambayo wanafunzi wenzake wanakwenda, na yeye kila siku ananiuliza kama nimeshamwandikisha. Anameza levetirasetamu, dawa yake ya kuzuia kifafa, asubuhi na usiku. Kifafa humshika zaidi akiwa usingizini. Kambi wamekubali kumpokea, ila wamesema dawa zake zote zitakaa zahanati kwa muuguzi. Bibi yake huko Mombasa anasema mtoto kama huyu haachwi mikononi mwa wageni. Nimwache? Na nikimwacha, niwaulize nini?
Mama wa kijana, Ohio, Marekani

JIBU (muuguzi wa watoto): Dada yangu, anaweza kwenda. Lakini hilo la dawa zote kukaa zahanati usilipitishe hivi hivi. Kwa mtoto ambaye kifafa humjia usingizini, suala zima liko hapo.

Kipeperushi cha kambi kitakuonyesha mchana: ziwa, farasi, pinde na mishale. Wewe uliza usiku. Nani analala chumba kimoja na mwanao? Mara nyingi ni kijana wa chuo aliyekimbizana na watoto tangu asubuhi, na akishalala amelala. Sasa chukua saa tisa za usiku, kifafa kimempanda mtoto. Mlezi huyo kwanza asikie, awashe taa, aelewe anachokiona, aite kwa redio. Muuguzi naye aamke, avae viatu, atafute funguo za kabati, aje gizani mpaka bwenini. Kifafa kikipita dakika 5 ni dharura: dawa ya kukikata inatakiwa iwe tayari mkononi, na 911, namba ya dharura, wawe wameitwa. Siku ya kwenda kuitazama kambi, waombe mtembee kwa miguu kutoka zahanati hadi bweni lake, na uangalie saa.

Kwa hiyo waombe hivi, kwa maandishi: dawa za kila siku zibaki kwa muuguzi, sawa, lakini dawa ya kukata kifafa ilale bwenini, ndani ya kisanduku kinachofungwa, chini ya mlezi aliyefundishwa kuitumia. Kama bado mna ile jeli ya diazepamu inayoingizwa njia ya haja kubwa, muulize daktari wake wa neva kuhusu ya kupuliza puani. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa watoto wa kuanzia miaka 6. Kumfundisha mtu kuitumia ni kazi ndogo, na kijana wa miaka 11 havuliwi nguo mbele ya wenzake. Aibu hiyo naichukulia kwa uzito sawa na dawa yenyewe.

Wakijibu kwamba hawawezi, waulize kwa nini. Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya 1990 inazihusu hata kambi za binafsi: zinatakiwa kumtazama mtoto mmoja mmoja, kufanya marekebisho yanayowezekana, na hazina ruhusa ya kumtoza mzazi ada ya ziada kwa marekebisho hayo. Kambi inayoendeshwa na kanisa au msikiti haibanwi na sehemu hiyo ya sheria, ila kama inapokea fedha za serikali kuu, Kifungu cha 504 cha sheria ya 1973, kinachokataza kuwabagua wenye ulemavu, kinaihusu. Pia majimbo hutofautiana kuhusu nani asiye muuguzi anaruhusiwa kutoa dawa, basi waambie wakuonyeshe kanuni ya Ohio wanayoifuata. Na bibi mweleze hili: mwaka 1977, watu wenye ulemavu walikalia ofisi ya serikali San Francisco kwa wiki kadhaa mpaka kanuni za Kifungu cha 504 zikatiwa saini. Miongoni mwao alikuwamo Judy Heumann, mwanaharakati wa haki za wenye ulemavu, ambaye ujanani alikwenda Camp Jened, kambi ya vijana wenye ulemavu katika milima ya Catskill, New York.

Usingizi wenyewe nao ni dawa. Kukosa kulala huchokoza kifafa, na kambi hukesha, hasa usiku wa mwisho wa kuota moto. Levetirasetamu haikai mwilini muda mrefu, kwa hiyo dozi ya usiku isingojee moto uzimike. Itolewe saa ile ile ya nyumbani, hata kama muuguzi atamfuata pale kwenye magogo, na mtoto aende kulala kabla ya wakubwa. Mkiwa hapo kwenye moto, kumbuka zile peremende laini nyeupe wanazochoma huwa na jelatini ya nguruwe. Kama hamli, mpelekee pakiti ya halali, asibaki akitazama wenzake.

Kitanda kiwe cha chini, si juu ya dabodeka. Ziwani avae jaketi la kuokolea, na awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kumtazama yeye tu, kwa umbali wa kumfikia kwa mkono. Hapo usikubali maelewano.

Kuhusu usonji, fomu yao ina mstari mmoja tu, nao hautoshi. Waandikie ukurasa mmoja wa mambo anayoyafanya. Kwa mfano: "Akiziba masikio na kurudia neno moja, kelele zimemzidi. Mtoe nje. Usimshike bega, usimuulize maswali. Mpe maji, kaa kimya karibu naye." Ongeza maneno ya Kiswahili anayoyatumia nyumbani: choo, maji, naumwa, nataka kulala. Mtoto akizinduka kutoka kifafa huwa amechanganyikiwa, na anaweza kukimbilia lugha ya mama wakati mlezi anadhani anaropoka. Ukurasa huo ausome mlezi wa bwenini, usiishie faili la ofisini.

Kabla ya kambi, alale usiku mmoja au miwili kwa shangazi au kwa jirani mnayemwamini, bila wewe, na dawa aitoe mwenyeji. Utajifunza mengi kuliko kwa daktari. Usimwahidi kwamba akilia utamfuata, maana ahadi hiyo itamkaa kichwani kila akikasirika. Badala ya kumpigia kila usiku, kubaliana na muuguzi akutumie ujumbe mfupi kila asubuhi: amelala saa ngapi, amemeza dawa, amekula.

Dawa ziende na chupa zake zenye lebo ya famasia, na akiba ya siku mbili. Ya kukata kifafa iwe ya matumizi mawili, tarehe ya mwisho umeisoma mwenyewe, na mpango wa dharura uwe na saini ya daktari. Ukifika siku ya kuandikisha, ukaambiwa bado wanalifikiria suala la dawa bwenini, rudi naye nyumbani. Mwaka huu mtafutie kambi ya kutwa, au uliza Epilepsy Foundation, shirika la Marekani la watu wenye kifafa, ambalo matawi yake katika majimbo kadhaa huendesha kambi za watoto wenye kifafa.