Mstari mweusi kwenye picha ya ultrasaundi

Swali: Napiga ultrasaundi kituo cha afya wilayani Uvinza, Kigoma. Picha ina mstari mweusi wima, hauhami hata nikisogeza proba (kifaa cha mkononi kinachogusa mwili). Mashine imekufa?

Jibu: Usiisingizie mashine bado. Futa uso wa proba, paka jeli upya: penye hewa mawimbi ya sauti hurudi karibu yote, hayaingii mwilini. Mstari ukibaki palepale, kausha proba, ongeza geini (ukuzaji wa mwangwi), kisha pitisha klipu ya karatasi iliyonyooshwa juu ya uso wa proba, toka ncha hadi ncha, taratibu, bila kukwaruza. Inapogusa, mwangwi hutokea kwenye skrini. Usipotokea penye mstari, kristali (kipande ndani ya proba kinachotuma na kupokea mawimbi) imekufa au waya wake umekatika. Mwite fundi wa vifaa tiba.

Tafadhali, spiriti usiitumie kama kitabu cha mashine hakiiruhusu. Hupasua mpira wa proba. Na kebo isikanyagwe na magurudumu.