Kabla hujalipia gigabiti, kagua waya wako

Ndugu wa Milimani, Kisumu, umeuliza kama kwenye intaneti ya nyumbani utoke Mbps 80 (megabiti kwa sekunde) uende gigabiti, yaani Mbps 1,000, kwa kuwa unahariri video za harusi nyumbani. Mimi nilihamia gigabiti nikiwa hapa Nakuru, Section 58, na kilichonisumbua zaidi hakikuwa bili ya mwezi.

Bei zenyewe Safaricom ilizitangaza 2024: Mbps 80 kwa shilingi 6,299, 500 kwa 12,499, gigabiti kwa 20,000. Lakini kasi hiyo inafika hadi kisanduku cha ukutani tu. Kutoka hapo ni mzigo wako.

Siku ya kwanza nilichomeka waya kwenye laptopu, nikapima: Mbps 94. Ruta yangu ya zamani ilikuwa na matundu ya Mbps 100, basi nikatoa elfu tisa nikanunua nyingine. Nikapima tena: 94 ileile! Usiku nikakata plagi ya waya unaopita chini ya mlango, nikauchuna ganda pale unapobanwa. Ndani mna nyuzi nane, na ule wa buluu ulikuwa umekatika. Mbps 100 hutumia nyuzi nne tu, za rangi ya chungwa na kijani, kwa hiyo miaka yote sikuona kasoro. Gigabiti inazitaka zote nane. Fundi alinivutia waya mpya wa mtandao aina ya Cat6, mita 30, nikaona 930. Kwa Wi-Fi, ng'ambo ya ukuta wa mawe, simu hupata 300 hivi.

Sasa kazi yako. Harusi ya GB 60, ukiipakia kwa Mbps 80, ni dakika 100. Kwa 500 ni 16. Kwa gigabiti ni 8, tena kama diski yako na seva ya upande wa pili zitamudu. Yaani shilingi 6,200 za kwanza zinakuokolea dakika 84, na 7,501 zinazofuata dakika 8. Ndiyo maana nimerudi 500. Ila hakikisha unaambiwa kasi ya kupakia pia, maana hesabu hii yote imesimama juu yake.

Jioni fungua mipangilio ya mtandao kwenye kompyuta, waya ukiwa umechomekwa, utazame kasi ya muunganisho. Ikiandika 100/100 badala ya 1000/1000, usilipe chochote kwanza. Anza na huo waya.